Shajara ya mradi: maoni ya wakazi kuhusu barabara ya mtaa na jengo la kona

Februari, wiki ya pili

Kazi ya kukusanya maoni ya wakazi imeanza rasmi, na kamati imenikabidhi jukumu la kuandika kumbukumbu zake hatua kwa hatua. Mambo yanayojadiliwa ni mawili, lakini hayatenganishiki. La kwanza ni kuweka lami kwenye barabara ya kati ya mtaa, pamoja na mifereji na njia za waenda kwa miguu. Kazi hiyo inasimamiwa na idara ya ujenzi kupitia mhandisi mshauri. La pili ni ombi la mwekezaji binafsi la kujenga ghorofa kwenye kiwanja cha kona, pale barabara yetu inapokutana na barabara kuu. Maji ya paa la jengo hilo, magari ya wapangaji wake na malori yatakayoleta vifaa vyake vyote vitapita kwenye barabara ileile inayochorwa sasa. Kwa sababu hiyo tumeomba, na tumekubaliwa, kwamba maoni kuhusu mambo yote mawili yakusanywe kwa pamoja.

Mpaka sasa tumepokea michoro ya awali, tangazo la mkutano wa hadhara na barua inayotaja tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Kabla ya kuanza kuuliza watu wanataka nini, nilitaka kujua michoro imefikia hatua gani, kwa sababu maoni yanayotolewa baada ya kila kitu kuamuliwa hayabadilishi chochote, hata yawe mazuri kiasi gani. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998 uliliweka jambo hili wazi: wananchi washirikishwe mapema, wakati ambapo chaguo zote bado ziko mezani, maoni yao yazingatiwe ipasavyo, na uamuzi utakapotolewa waarifiwe pamoja na sababu zake. Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia tu, lakini madai hayo matatu nayaona kuwa kipimo cha haki kwa mradi wowote, mkubwa au mdogo, popote ulipo.

Kwa hiyo tuliuliza kwa maandishi ni nini bado kinaweza kubadilishwa. Jibu lilikuja haraka na lilikuwa la wazi. Upana wa barabara hauwezi kubadilika kwa sababu mipaka ya hifadhi ya barabara imeshapimwa. Kimo cha lami, njia ya mifereji, ukubwa wa makalavati, mahali pa vivuko na mpangilio wa maegesho bado havijakamilishwa. Jibu kama hilo lina thamani kubwa, kwa maana linatuonyesha mahali pa kuelekeza nguvu zetu, na linatuepusha kuwapa wakazi tumaini ambalo halina msingi.

Februari, wiki ya tatu

Mkutano wa hadhara umefanyika. Watu walikuwa wengi na walizungumza kwa uchungu, kwani wamelisubiri jambo hili kwa muda mrefu. Walilalamikia vumbi, maji ya mvua yanayoingia ndani, pikipiki zinazopita kwa kasi karibu na shule, na mitaro inayochimbwa ikaachwa wazi. Mwakilishi wa idara alijibu kwa heshima. Hata hivyo rasimu ya muhtasari tuliyoletewa siku chache baadaye ilisema tu kwamba wakazi waliupokea mradi kwa furaha na kuomba utekelezaji uharakishwe. Ni kweli kwamba waliupokea kwa furaha, na ni kweli kwamba waliomba uharakishwe. Yote waliyoyasema kuhusu maji, kasi na mitaro hayakuonekana hata kwa sentensi moja.

Tumerudisha rasimu hiyo ikiwa na marekebisho, na marekebisho yamekubaliwa. Nalitaja hapa kwa sababu muhtasari ndio utakaobaki kwenye jalada baada ya sauti zote kusahaulika, na mhandisi atakayekabidhiwa jalada hilo baadaye hatakuwa na njia nyingine ya kujua yaliyosemwa.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein wa Marekani alichapisha makala iliyoupanga ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi yenye vidato 8. Vidato viwili vya chini ni vya kuwarubuni watu na kuwapoza. Katikati kuna kuwaarifu, kuwauliza na kuwaridhisha kwa kidogo. Juu kuna ubia, kukabidhiwa madaraka na, kileleni kabisa, wananchi kushika usukani wenyewe. Mkutano wetu ulikuwa kwenye kidato cha kuuliza. Si mahali pabaya pa kuanzia, lakini Arnstein aliona sawasawa kwamba kuuliza peke yake hakumpi mtu uhakika wowote kuwa atasikilizwa. Shabaha ya kamati ni kupanda angalau kidato kimoja au viwili kabla michoro haijafungwa.

Machi, mwanzoni

Tumefungua daftari la maoni. Kila oni linaandikwa kwa sehemu nne: mahali penyewe, wakati ambapo tatizo hutokea, nani anaathirika, na jambo linaloombwa. Safu ya tano imeachwa wazi kwa ajili ya jibu la mhandisi, na tumemweleza kwamba tunatarajia kila mstari upate jibu lake, hata kama jibu lenyewe ni hapana.

Mwanzoni baadhi ya wakazi waliona utaratibu huu unawasumbua. Mtu amekuja kusema kwamba barabara ni mbovu, nasi tunamuuliza ni mbovu wapi, lini na kwa nani. Lakini malalamiko ya jumla hayamsaidii mchoraji. Mkazi akisema kwamba maji yanasumbua, mhandisi ataitikia kwa kichwa na kuendelea na mchoro wake. Mkazi yuleyule akisema kwamba mvua ikinyesha kwa zaidi ya saa moja maji yanapanda juu ya kalavati lililo kabla ya shule, yanavuka barabara kuelekea mkono wa kushoto na kuingia kwenye nyumba tatu za mwanzo, basi ametoa taarifa ambayo hakuna chombo cha upimaji kingeweza kuipata wakati wa kiangazi. Wapimaji walikuja ardhi ikiwa kavu. Wakazi wameiona ikiwa na maji, mwaka baada ya mwaka, na huo ndio ujuzi wanaouleta mezani.

Tumeamua pia kwamba majina ya watoa maoni yabaki ndani ya kamati. Nakala inayopelekwa kwa mhandisi haina majina, kwa sababu wapo wapangaji wanaoogopa kutofautiana hadharani na wenye nyumba wao.

Machi, wiki ya tatu

Matembezi ya kwanza na mhandisi. Hii ndiyo hatua iliyozaa matunda mengi kuliko zote hadi sasa, na nitaieleza kwa kirefu.

Michoro tuliyopewa ina mstari mmoja unaoonyesha kimo cha ardhi ilivyo na mstari mwingine unaoonyesha kimo cha lami itakapokamilika. Katika mkutano michoro hiyo ilibandikwa ukutani, watu wakapita mbele yake, na hakuna aliyeuliza chochote. Safari hii tulimwomba mpima apigilie vigingi kando ya barabara na kuchora mstari mwekundu kwenye kila kigingi, mahali hasa ambapo uso wa lami utafika. Kisha tukafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Watu walitoka majumbani na kusimama kando ya ile kamba, na kila mmoja akaweza kuona kwa macho yake barabara ya kesho itakavyokuwa mbele ya mlango wake.

Kwenye nusu ya juu ya barabara hapakuwa na tatizo. Tulipoteremka kuelekea bondeni, mama mmoja mzee aliweka kiganja chake kwenye kizingiti cha mlango, akatazama kamba, halafu akamwita mhandisi kijana aliyekuwa ameshika michoro.

“Mwanangu, hebu njoo uangalie hapa. Alama yako imepita kizingiti changu.”

“Ndiyo, mama, naiona.”

“Basi mvua ikija, maji yatakwenda wapi?”

Mhandisi alipima. Mstari mwekundu ulikuwa juu ya kizingiti kwa zaidi ya urefu wa shubiri. Alipima nyumba iliyofuata na nyingine tatu mbele yake, na hali ilikuwa ileile. Hakubishana wala kujitetea. Alichukua kalamu na kuanza kuandika vimo vya vizingiti vyote vya upande ule, kazi ambayo haikuwamo katika upimaji wa awali.

Chanzo cha tatizo kinaeleweka kwa urahisi kikishaelezwa. Barabara ya mtaa hufanyiwa matengenezo mara nyingi kwa kumwaga tabaka jipya juu ya la zamani: kifusi juu ya kifusi, kisha changarawe, kisha lami. Kila tabaka linainua uso wa barabara, wakati nyumba zinabaki pale zilipojengwa, na baada ya miaka kadhaa nyumba zilizokuwa juu ya barabara zinajikuta chini yake. Isitoshe, lami haiwekwi bapa. Huinuliwa katikati na kuteremshwa kuelekea kingo ili maji yasituame, kwa kawaida kwa mteremko wa asilimia 2 hadi 3. Kwenye njia moja yenye upana wa mita 3.5, mteremko wa asilimia 2.5 unatoa tofauti ya karibu sentimita 9 kati ya katikati na ukingo. Maana yake ni kwamba nusu ya mvua yote inayoanguka juu ya lami inasukumwa kuelekea upande wa nyumba, na kama hakuna mfereji wa kutosha kati ya lami na nyumba, inaishia sebuleni.

Dawa aliyoitaja mhandisi ni kuchimba na kuondoa matabaka ya zamani kwenye sehemu ya bondeni badala ya kujenga juu yake, ili uso wa lami mpya ubaki chini ya vizingiti. Kazi hiyo inaongeza gharama, na inahitaji tahadhari kwa sababu mabomba ya maji yamepita humo humo. Lakini ni afadhali gharama hiyo ijulikane sasa, kwenye karatasi, kuliko kuwaachia wakazi waibebe wenyewe kila msimu wa mvua.

Tulimalizia kwenye kalavati la shule. Mchoro unaonyesha bomba jipya lenye kipenyo cha milimita 600. Wakazi walimwonyesha mhandisi alama ya tope iliyobaki ukutani, juu sana ya mdomo wa kalavati, na wakamweleza kwamba takataka huziba mdomo huo mvua zinapoanza. Alifanya hesabu yake palepale: bomba la milimita 900, kwa mteremko uleule na likiwa limejaa, linapitisha maji karibu mara 3 ya lile la 600, na pia ni rahisi zaidi kulisafisha. Ameahidi kupitia upya hesabu za eneo lote linaloleta maji pale. Oni hili limeandikwa kwenye daftari pamoja na picha ya ile alama.

Machi, mwishoni

Suala la kivuko cha shule lilikuwa limejadiliwa kwa jazba tu mpaka tulipolifanyia hesabu. Barabara ina upana wa mita 7. Mtu mzima mwenye afya huvuka kwa mwendo wa takriban mita 1.2 kwa sekunde, lakini mzee au mtoto anayemshika mkono mdogo wake anaweza kwenda mita 0.8 kwa sekunde, yaani anahitaji karibu sekunde 9 kufika ng’ambo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ndani ya sekunde hizo 9 litakuwa limeshakwenda zaidi ya mita 120. Mtu aliyesimama mahali kivuko kilipochorwa haoni umbali huo, kwa sababu kona iko karibu mno. Gari lilelile likienda kilomita 30 kwa saa litakuwa limekata takriban mita 75, na umbali huo unaonekana iwapo uzio uliojitokeza utarudishwa nyuma ya mpaka.

Kwa hiyo kuchora mistari myeupe peke yake hakutoshi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila kasi ya wastani inapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa takriban asilimia 4, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilizitaka nchi kuweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Barabara yetu ni mahali pa aina hiyo hasa. Tumeomba kivuko kisogezwe mbali na kona, kiinuliwe hadi kimo cha njia ya miguu ili chenyewe kiwe tuta, na kikomo cha kasi kiwekwe kwa alama zinazoonekana.

Wapo walioomba matuta kila baada ya nyumba chache. Naelewa hofu yao, hasa ya wazazi, lakini sikubaliani na ombi hilo. Kila tuta huchelewesha gari la wagonjwa na la zimamoto kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo hujumlishwa. Tuta lililojengwa kiholela, fupi na lenye ncha kali, huumiza mgongo wa abiria na kuharibu gari bila kumfundisha dereva lolote. Tuta lililopimwa vizuri, kama lile la duara lililobuniwa na watafiti wa Uingereza katika miaka ya 1970, lina urefu wa mita 3.7 na kimo kisichozidi sentimita 10, na linapitika bila mshtuko kwa mwendo wa taratibu. Tumependekeza machache ya namna hiyo, yapangwe kwa umbali unaomzuia dereva kuongeza kasi katikati yake.

Aprili, mwanzoni

Tumepitia orodha ya waliotoa maoni na kuona ni nani hayumo. Wenye nyumba wamo, wanaume wenye umri mkubwa wamo. Wapangaji ni wachache, wanafunzi hawapo kabisa, wachuuzi wa kando ya barabara hawakuja kwa sababu mkutano ulifanyika saa za biashara, na hakuna mtu anayetumia kiti cha magurudumu aliyefika, jambo lisiloshangaza kwa kuwa ukumbi una ngazi. Tumewafuata walipo. Wanafunzi wa darasa la juu walichora ramani ya njia wanazopita, na ramani hiyo imetuonyesha kichochoro ambacho hakikuwamo kwenye mchoro wowote. Mkazi anayetumia kiti cha magurudumu ameomba jambo moja lililo sahihi kabisa: kila njia ya miguu inaposhuka barabarani, mteremko wake usizidi sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, na nguzo za umeme zisisimikwe katikati ya njia.

Aprili, wiki ya pili

Jengo la kona. Hapa tulilazimika kuwaambia wakazi ukweli kwamba si kila sababu ya kulipinga jengo ina uzito sawa mbele ya mamlaka ya mipango. Katika mifumo mingi ya mipango miji, hoja ya kupoteza mandhari mtu aliyozoea kuyaona dirishani, au ya kuchukizwa na mwekezaji mwenyewe, haitiliwi maanani. Hoja za maji machafu, msongamano wa magari, mwanga wa jua kwa nyumba za jirani, njia ya zimamoto na usalama wa kona hutiliwa maanani, hasa zikiambatana na vipimo. Baadhi ya waliohudhuria hawakufurahi kusikia hivyo. Lakini barua moja iliyojengwa juu ya hoja zinazopokelewa ina nguvu kuliko barua kumi za hasira.

Tumekubaliana juu ya hoja tatu. Mlango wa magari wa jengo usifunguliwe kwenye kona bali upande wa nyuma. Maji ya paa yahifadhiwe ndani ya kiwanja na kuachiliwa polepole, yasiingizwe yote kwa mkupuo kwenye mfereji wetu ambao hesabu zake hazikuyajumuisha. Na malori ya ujenzi yapite barabara kuu, yasipite mtaani.

Hoja ya tatu ina msingi wa kitaalamu ambao ungepaswa kujulikana na kila mkazi. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya pande mbili za gari. Ekseli ikibeba uzito mara 2, uharibifu si mara 2 bali karibu mara 16. Magari madogo ya wakazi wote kwa mwaka mzima hayataichosha lami ya mtaa kama malori ya kokoto yatakavyoichosha kwa miezi michache, na lami yenyewe imechorwa kwa ajili ya magari madogo.

Aprili, mwishoni

Mgogoro wa kweli umejitokeza, na haukuwa kati ya wakazi na idara bali kati ya wakazi wenyewe. Wenye maduka wanataka nafasi za kuegesha mbele ya biashara zao. Wakazi wa nyumba za upande wa pili wanataka njia ya miguu yenye upana wa mita 2, ambamo viti viwili vya magurudumu vinaweza kupishana. Hifadhi ya barabara haitoshi kwa yote mawili, labda barabara iwe ya kwenda upande mmoja tu, na wazo hilo nalo limepata wapinzani wanaohofia kuzunguka mbali.

Kikao kilikuwa kigumu. Niliwakumbusha wajumbe utafiti wa Donald Appleyard, aliyelinganisha mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mambo mengi isipokuwa wingi wa magari: mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Wakazi wa mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mtaani mwao mara 3 ya wale wa mtaa wenye magari mengi, na walipoombwa kuchora eneo waliloliona kuwa nyumbani kwao, walichora mtaa mzima, ilhali wenzao walichora jengo lao tu. Mwenye duka mmoja alijibu kwamba marafiki hawalipi kodi ya pango, na jibu lake lilistahili kusikilizwa, kwa kuwa duka lake ndilo riziki ya familia yake. Halafu mjumbe mwingine akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kuhesabu wateja wanaofika dukani kwa gari na wanaofika kwa miguu. Hakuna aliyekuwa amehesabu.

Uamuzi uliofikiwa ni kufanya majaribio kabla ya kuchora: barabara ifanywe ya upande mmoja kwa muda, kwa kutumia mapipa na alama za kuhamishika, na wenye maduka wenyewe wahesabu wateja wao. Jiji la Stockholm lilifanya hivyo kwa jambo kubwa zaidi. Lilipotaka kuanza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji, wakazi wengi walipinga; likaendesha majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006, magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20, na katika kura ya maoni ya Septemba mwaka huohuo wapiga kura wengi wa jiji wakaunga mkono. Si lazima majaribio yetu yafikie tokeo kama hilo. Yanaweza kuonyesha kwamba wenye maduka wana haki, na katika hali hiyo kamati itaandika hivyo.

Mei, wiki ya tatu

Majibu ya mhandisi yamefika, na safu ya tano ya daftari imejazwa karibu yote. Kimo cha lami kwenye sehemu ya bondeni kimeshushwa na matabaka ya zamani yataondolewa. Kalavati la shule limekuwa la milimita 900. Kivuko kimesogezwa na kitainuliwa. Ombi la taa za kuongozea magari limekataliwa, kwa maelezo kwamba idadi ya magari haifikii kiwango kinachohitajika na kwamba kivuko kilichoinuliwa kinatimiza lengo hilohilo kwa gharama ndogo. Tumeisoma sababu hiyo na tumeikubali. Ombi la kupanua barabara limekataliwa kwa sababu tuliyoijua tangu Februari.

Mistari michache ilijibiwa kwa neno moja tu: yamezingatiwa. Tumeirudisha yote. Mkazi aliyechukua muda wake kueleza tatizo anastahili kujua kama litatatuliwa, lini, au kwa nini haliwezi kutatuliwa, na neno hilo halimwambii hata moja kati ya hayo matatu. Mstari mmojawapo ni ule wa nguzo za umeme katikati ya njia ya miguu, ambao unahitaji barua kwa taasisi nyingine. Barua hiyo sasa imeandikwa na nakala yake tunayo.

Majaribio ya upande mmoja yamekwisha. Hesabu za wenye maduka zimeonyesha kwamba wateja wengi hufika kwa miguu, lakini pia kwamba maduka mawili ya vifaa vizito hayawezi kuendesha biashara bila gari kusimama mlangoni. Mchoro mpya una njia pana ya miguu, upande mmoja wa kupita magari, na nafasi maalumu za kupakia na kupakua mbele ya maduka hayo mawili. Wapo ambao hawakuridhika, na maoni yao yameambatishwa kwenye muhtasari kama walivyoyasema.

Juni, wiki ya kwanza

Mkandarasi ameingia. Mambo yaliyobaki wazi ni haya: kibali cha jengo la kona bado kinajadiliwa, ingawa mwekezaji amewasilisha mchoro mpya wenye mlango wa nyuma na tangi la maji ya mvua, nguzo mbili bado hazijahamishwa, na makubaliano ya njia ya malori yameandikwa lakini hayajatiwa saini na upande wa mwekezaji.

Vigingi vya mpima vimepigiliwa upya kwa vimo vilivyorekebishwa. Tumekubaliana na msimamizi wa kazi kwamba kabla tabaka la msingi halijashindiliwa kwenye sehemu ya bondeni, vimo vitapimwa tena mbele ya wenye nyumba wa upande ule na matokeo yaandikwe kwenye daftari, kwa sababu tabaka hilo likishafungwa kimo cha lami hakiwezi tena kushushwa bila kubomoa. Upimaji huo umepangwa kufanyika mara tu uchimbaji utakapofika kwenye kalavati la shule, na kila mwenye nyumba ameshapelekewa taarifa ya maandishi.